Mashauri ya Safari: Taa Nyekundu ya Freni

Wazee wetu walitufundisha kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mtu mwenye busara aonapo mawingu meusi huanua nguo, huingiza ndani mihogo iliyoanikwa, huwaita watoto. Hangoji mpaka matone yamwangukie kichwani. Leo twataka kusema juu ya wingu moja dogo sana, ambalo wengi huliona wala hawalijali. Wingu hilo ni taa nyekundu iwakayo mbele ya dereva ili kumwonya juu ya mafuta ya freni. Sisi wa Lualaba husema freni. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husema breki. Ni kitu kile kile.

Pengine mtu atauliza: Jambo la mafundi lina kazi gani katika gazeti la Wakristu? Jibu letu ni hili: Fungurume imekaa kando ya barabara. Njia kuu itokayo Likasi kwenda Kolwezi hupita kati ya watu wetu. Tangu mwaka 2009, mgodi wa Tenke Fungurume ulipoanza kutoa shaba, na migodi mingine ilipoongezeka upande wa Kolwezi, makamyo hayahesabiki. Mengine hubeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mengine huja na asidi, chokaa, petroli na mashini. Kati ya makamyo hayo hupita taksi, mabasi, pikipiki, baiskeli zilizosheheni makala, akina mama wenye mizigo kichwani, na watoto wa shule. Hatujasahau mwezi wa Februari 2019, kamyo lililobeba asidi ya sulfuri lilipogongana na magari mengine, basi likiwa mojawapo, katika barabara hii hii ya Kolwezi na Lubumbashi. Watu wapatao 20 walikufa. Hatulitaji jambo hilo ili kutafuta mwenye kosa, bali ili tukumbuke ni uzito gani upitao milangoni petu. Katika barabara ya namna hii, kusimamisha gari kwa wakati wake ni jambo la uhai na mauti.

FRENI HUFANYAJE KAZI?

Hatuwezi kuitii taa tusiyoielewa. Basi tuanze na elimu kidogo, na wanafunzi wetu wasikilize vizuri.

Zamani sana katika nchi ya Ufaransa aliishi mtu jina lake Blaise Pascal. Alizaliwa mwaka 1623, akafa mwaka 1662, hata miaka 40 hakuifikisha. Alikuwa mtaalamu wa hesabu na mtu wa sala. Huyo ndiye aliyetufafanulia kwamba maji yaliyofungwa ndani ya chombo, ukiyasukuma mahali pamoja, huupeleka msukumo ule kila upande pasipo kuupunguza.

Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili. Achukue mabomba mawili madogo ya kudungia dawa, mapya, yasiyo na sindano. Ayaunganishe kwa mpira mwembamba, ayajaze maji, asiache hewa hata kidogo ndani. Akisukuma bomba la kwanza, la pili hutoka mara ile ile, kana kwamba yameshikana kwa fimbo ya chuma. Kisha aache hewa kidogo iingie, asukume tena. Atasikia ulaini mkononi, na bomba la pili litachelewa. Kwa nini? Kwa sababu maji hayakubali kubanwa, bali hewa hubanwa kama sponji.

Freni za gari dogo ndizo mabomba hayo. Pedali aikanyagayo dereva husukuma bomba la kwanza. Kila gurudumu lina bomba lake. Na katikati hupita mirija myembamba iliyojaa mafuta ya freni. Dereva akikanyaga, msukumo hufika magurudumuni mara moja. Huko, vibao viwili, ambavyo mafundi huviita plaketi, huibana sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Katika magari mengi magurudumu ya nyuma hayana sahani ila ngoma ya chuma, na vipande vya freni hutanuka ndani yake. Lakini kazi ni ile ile. Mmarekani Malcolm Loughead alipata hati ya uvumbuzi wa freni za namna hii mwaka 1917, na mwaka 1921 gari la Duesenberg likawa la kwanza kuuzwa likiwa nazo katika magurudumu yote manne.

Tazameni sasa jambo lenyewe. Kati ya mguu wa dereva na gurudumu hakuna mnyororo wala fimbo ya chuma. Kilichopo ni mafuta tu, ambayo katika gari dogo yote pamoja hayajazi chupa moja kubwa ya bia. Mafuta hayo yakitoka, au hewa ikiingia mahali pake, mguu wa dereva hukanyaga bure.

MAFUTA HAYA HAYALIWI KAMA PETROLI

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Petroli huungua, basi yatupasa kuongeza kila siku. Mafuta ya mashini huungua kidogo kidogo, basi huongezwa mara kwa mara. Lakini mafuta ya freni hayaungui, wala hayaliwi. Yamefungwa ndani ya mirija yake, huenda na kurudi. Kwa hiyo yakipungua katika kichupa chake, hayakupotea hivi hivi: yamekwenda mahali. Nayo hayana mahali pa kwenda ila pawili.

Pa kwanza ni nyuma ya plaketi. Kadiri plaketi zinavyolika, pistoni zizisukumazo husogea mbele, na mafuta huzifuata ili kuijaza nafasi iliyoachwa. Hivyo mafuta hupungua polepole, kwa muda wa miezi mingi. Huku si kuvuja; ni ishara kwamba plaketi zimekuwa nyembamba na zataka kubadilishwa.

Pa pili ni nje. Mrija umetoboka kwa kutu, au mpira umepasuka, au pistoni inatoa machozi karibu na gurudumu. Hapo mafuta hupungua upesi, pengine kwa siku moja, pengine kwa kanyago moja.

Hii ndiyo sababu tunasema: mtu anayemimina mafuta katika kichupa, akaona taa imezimika, kisha akaenda zake akifurahi, hakutengeneza gari. Amemnyamazisha shahidi tu. Taa imezimika, lakini tundu lipo pale pale.

TAA INASEMA NINI?

Alama yenyewe ni duara yenye alama ya mshangao katikati, na kando yake mistari miwili iliyopinda kama mabano. Haina lugha. Magari mengi madogo ya kwetu yalitumika kwanza Japani kabla ya kuteremshwa Dar es Salaam na kuletwa huku, na vitabu vyake vimeandikwa kwa Kijapani. Lakini alama hii ni moja tu kwa Mjapani, kwa Mfaransa na kwa mtu wa Fungurume.

Ndani ya kichupa cha mafuta kimo kitu chepesi kielecho juu. Mafuta yakishuka mno, nacho hushuka, hugusisha umeme, na taa huwaka. Dereva mwangalifu ataona jambo jingine pia: mafuta yakiwa yamekaribia alama ya chini, taa huwaka kidogo penye kona, au gari likanyagwapo freni, kisha huzimika tena, kwa kuwa mafuta yanayumba katika kichupa. Wengi husema, «Ah, ni umeme tu unachezacheza.» Sivyo. Huo ndio mlango unaobishwa mara ya kwanza, kwa upole. Heri afunguaye mara hiyo.

Taa hiyo hiyo, katika magari mengi, huwaka pia freni ya mkono ikiwa imevutwa. Kwa hiyo la kwanza kutazama ni freni ya mkono: je, tumeiachia kabisa? Ikiachiwa na taa ikazimika, tumshukuru Mungu na kuendelea na safari. Isipozimika, tusitafute udhuru mwingine.

Tena ipo taa ya rangi ya manjano yenye herufi ABS. Hiyo yahusu chombo kizuiacho magurudumu yasikwame na kuteleza. Ikiwaka peke yake, freni za kawaida kwa desturi zingali zinashika, nayo yataka fundi upesi. Lakini ile ya manjano na ile nyekundu zikiwaka pamoja, gari lisimame.

Jambo jingine: kila asubuhi, dereva afunguapo umeme kwa ufunguo kabla ya kuwasha mashini, taa nyekundu hutakiwa kuwaka kidogo, kisha kuzimika. Gari linajipima lenyewe. Isipowaka kabisa, tusifurahi. Maana yake huenda ni kwamba taa imeungua, au kwamba mtu mwenye hila ameiondoa ili auze gari bovu kwa bei ya gari zima. Anunuaye gari na alitazame jambo hili kabla ya kuhesabu fedha yake. Nasi tunamwambia muuzaji wa namna hiyo waziwazi: hiyo ni dhambi juu ya amri ya saba, ya kutoiba, na gari lile likiua mtu, ni juu ya amri ya tano pia.

IKIWAKA NJIANI, TUFANYEJE?

Kwanza, tusishtuke, wala tusikanyage freni kwa nguvu ghafula, maana kamyo laweza kuwa nyuma yetu. Tuondoe mguu katika petroli. Tukanyage pedali ya freni polepole ili kuisikia. Je, ni ngumu kama siku zote? Au imekuwa laini kama mkate? Au inazama mpaka chini? Mguu utatupa habari zaidi kuliko jicho.

Pili, tutafute mahali pa kusimama, palipo tambarare na mbali na lami. Tushushe vitesi (ndiyo gia) moja moja, ili mashini yenyewe ilizuie gari. Tuwashe taa za kumetameta. Tukiisha kusimama, tuzime mashini, tuvute freni ya mkono, tuweke jiwe nyuma ya gurudumu, na pembe tatu ya hatari barabarani. Asiye nayo huweka matawi mabichi, kama ilivyo desturi. Lakini na ayaondoe aondokapo, yasije yakawa mtego kwa wengine. Abiria wote washuke, wakae mbali na barabara.

Tatu, tufungue kifuniko cha mashini na kutazama kichupa cha mafuta ya freni. Kwa kawaida kimekaa upande wa dereva, nyuma karibu na kioo, nacho hupitisha nuru, hata mafuta yaonekane bila kukifungua. Kina alama mbili, MIN chini na MAX juu. Kisha tuiname, tutazame upande wa ndani wa kila gurudumu, na chini ya gari, na penye pedali. Mahali palipolowa mafuta mepesi yenye kuteleza ndipo penye tundu.

Baada ya kutazama, tutoe hukumu yetu.

Ikiwa mafuta yamekaribia MIN tu, pedali ni ngumu, wala hapakulowa mahali popote: tupanguse kwanza vumbi juu ya kifuniko, tuongeze mafuta halali bila kuvuka alama ya MAX, kisha twende polepole kwa fundi aliye karibu, azipime plaketi. Tusingoje juma lijalo.

Ikiwa pedali ni laini, au inazama, au mafuta yanavuja: safari imekwisha. Hata kama Kolwezi ni karibu, hata kama mgonjwa yumo garini. Mgonjwa na ahamishiwe gari jingine. Na gari bovu lisivutwe kwa kamba, kwa maana gari lisilo na freni litaligonga lile linalolivuta. Livutwe kwa chuma kigumu, au lipakiwe juu ya kamyo, au fundi aitwe pale pale.

Hapa twataka kuwaonya wale wasemao, «Bado inashika kidogo.» Ni kweli, yaweza kushika kidogo. Watengenezaji wa magari, hasa tangu miaka ya 1960, waliigawa njia ya mafuta mara mbili, ili upande mmoja ukitoboka, mwingine ubaki na kulisimamisha gari. Lakini nusu ile waliiweka ili ikufikishe kando ya barabara, si ili ikufikishe Lubumbashi. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 katika kila sekunde. Dereva mwenye nusu ya freni atahesabu sekunde zake, na mtoto avukaye barabara hatapata ya kuhesabu.

FRENI ZIKITOWEKA KABISA

Mungu apishe mbali! Lakini dereva na ajifunze kabla ya siku yenyewe. Akanyage na kuachia pedali mara nyingi upesi upesi. Pengine mafuta yaliyosalia yatakusanyika na kushika. Ashushe vitesi moja baada ya nyingine. Avute freni ya mkono kidogo kidogo, wala si kwa mara moja, gari lisije likazunguka. Freni hiyo katika magari mengi huvuta kwa waya, wala haitegemei mafuta. Apige honi, awashe taa. Asizime mashini gari likienda, kwa sababu usukani utakuwa mzito, nao waweza hata kujifunga. Aelekeze gari penye mwinuko, penye mchanga au majani, asielekee penye watu. Gari laweza kununuliwa tena.

MAJI NDANI YA MAFUTA

Yako maradhi ya freni ambayo taa haiyaoni. Mafuta ya freni yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na hapa kwetu, miezi ya mvua toka Novemba hata Aprili, unyevu haukosekani. Mafuta mapya yaandikwayo DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya digrii 205, na DOT 4 kabla ya digrii 230. Lakini yakiisha kunywa maji, hata kiasi cha sehemu 3 au 4 tu katika 100, huweza kuchemka kwenye digrii 140 au 155. Katika mteremko mrefu, gari likiwa na mzigo na dereva akikanyaga bila kupumzika, joto hilo hufikiwa. Mafuta yakichemka hufanya mvuke, na mvuke ni kama ile hewa katika bomba la mwanafunzi: pedali huzama, na kichupa kimejaa, na taa haikuwaka.

Dawa yake ni mbili. Katika mteremko tutumie vitesi vya chini, tusiitegemee pedali peke yake. Na mafuta yote yabadilishwe, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Mafuta mapya ni meupe au ya manjano hafifu. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yamechoka.

MAMBO YA KUKATAA

Wako watu ambao, wakikosa mafuta ya freni, hutia maji, au maji ya sabuni. Maji huleta kutu na huchemka upesi. Wengine hutia mafuta ya mashini au dizeli. Hayo ni mabaya kuliko maji, maana huvimbisha mipira yote iliyo ndani ya freni na kuiharibu. Kwa franka chache alizozibana, mwenye gari atanunua freni zote upya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tusome kifuniko cha kichupa: kimeandikwa aina itakiwayo. DOT 3 na DOT 4 zaweza kuchanganyika. DOT 5 ni ya namna nyingine kabisa, isichanganywe nazo.

Tununue chupa iliyofungwa bado. Ile iliyokaa wazi miezi mingi sokoni au nyumbani imekwisha kunywa unyevu. Na akina mama watusikilize hapa: mafuta haya ni sumu. Yasitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, mtoto asije akayaonja. Yakimwagika juu ya rangi ya gari huichubua. Basi yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

NA MAKAMYO MAKUBWA?

Makamyo makubwa ya migodi hayatumii mafuta kama gari dogo, bali hewa iliyoshindiliwa ndani ya mitungi. Wazo hilo lilitoka katika gari la moshi: George Westinghouse wa Marekani alianza kutengeneza freni za hewa mwaka 1869, kisha akaziendeleza hata zikawa hivi, kwamba hewa ikivuja, freni hushika zenyewe. Treni za hapa Tenke, mahali reli ya Kolwezi na reli ya Kamina zinapoachana, huzuiwa kwa njia hiyo. Kamyo nalo lina springi zenye nguvu zinazozuiliwa na hewa. Hewa ikipungua sana, springi hufunga magurudumu ya nyuma.

Basi tofauti ni hii: kamyo likikosa hewa hukwama, bali gari dogo likikosa mafuta hukimbia. Hata hivyo dereva wa kamyo asijivune. Kabla ya hewa kwisha, taa au kengele humwonya. Akiidharau, kamyo laweza kujifunga ghafula katikati ya barabara, au freni zikapoteza nguvu mteremkoni kwa joto. Kwa wote wawili, sheria ni moja: onyo likija, simama.

NI WAJIBU WA NANI?

Sasa tufike kwenye kiini cha shauri letu. Mara nyingi dereva ameiona taa. Tatizo si macho. Tatizo ni kwamba amepaswa kumpelekea mwenye gari fedha yake jioni, na siku ya kukaa kwa fundi ni siku isiyo na fedha. Akilaza gari, atakaripiwa, na kesho usukani atapewa mwingine. Basi anamimina chupa moja ya mafuta asubuhi, nyingine adhuhuri, na kumwomba Mungu amfikishe.

Kwako wewe mwenye gari, tunasema kwa heshima lakini bila kuficha: dereva akikuambia habari ya taa nyekundu, ukamjibu «Nenda tu, tutatengeneza mwisho wa mwezi,» tangu saa ile wewe ndiwe unayeendesha gari lile, ijapokuwa umeketi nyumbani. Bei ya plaketi huijua. Bei ya baba wa watu huijui. Weka kando kila juma sehemu ndogo ya mapato kwa ajili ya matengenezo, wala usimdai dereva fedha ya siku ambayo gari lilikuwa kwa fundi.

Kwako wewe dereva: utii kwa bwana wako una mpaka. Hakuna mtu awezaye kukuamuru kuhatarisha uhai wa watu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba wale wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wana hatia kubwa. Na mwezi wa Juni 2007 Vatikani ilitoa mashauri juu ya uchungaji wa barabarani, pamoja na amri kumi za dereva; ya kwanza ni ile ile ya kutokuua. Ajuaye kwamba gari halina freni na bado akalijaza watu, asijitetee akisema ilikuwa ajali tu.

Kwako wewe fundi: usimrudishie mtu gari lililojazwa mafuta tu na kuitwa zima. Mwambie kweli, hata kama hana fedha leo. Mwandikie katika karatasi kile kilichobaki.

Na sisi abiria tuna neno pia. Mama aliyeketi nyuma ya dereva, akiona taa nyekundu ikiwaka toka Fungurume, na aulize kwa adabu: «Baba, taa ile nyekundu inasemaje?» Mmoja akiuliza, wengine watapata moyo. Dereva aliyekuwa akiogopa bosi wake ataweza kumwambia, «Abiria walikataa.» Na tukishushwa njiani ili gari litengenezwe, tusimtukane dereva kwa kutuchelewesha. Tumshukuru. Makelele yetu ya kutaka kufika mapema yamewasukuma madereva wengi kuifumbia macho taa.

NENO LA MWISHO

Kila mwaka, karibu na tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Kristofori, mwombezi wa wasafiri, mahali pengi magari huletwa kanisani ili padre ayabariki. Ni desturi njema. Lakini baraka haizibi mrija uliotoboka. Anayeleta gari lake kubarikiwa huku taa nyekundu inawaka, anamtaka Mtakatifu Kristofori afanye kazi ya fundi. Na aende kwa fundi kwanza, kisha aje kwa padre, naye atabarikiwa mara mbili.

Mungu ameweka taa ndani ya kila mtu pia, ndiyo dhamiri. Nayo huanza kwa upole: huwaka penye kona, huzimika, huwaka tena. Mtu aweza kuinyamazisha kwa udhuru mmoja asubuhi na mwingine adhuhuri, hata akazoea kutoiona. Kwa hiyo ndugu wapenzi, kabla ya kufunga safari ijayo, mfungue umeme kwa ufunguo na kuitazama taa ile. Ikiwaka kisha ikazimika, nendeni na amani. Isipozimika, kaeni. Walio nyumbani watavumilia kuwangojea mpaka kesho.